Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu Arusha: wazazi wa darasa la sita tunataka kujua watoto wetu wanasoma nini

Kwa maafisa elimu wa Jiji la Arusha na wenzenu wa Arusha DC na Meru, maafisa elimu kata, walimu wakuu na wenyeviti wa kamati za shule.

Shikamooni wakubwa zangu, na kwa walio rika langu, habari za kazi.

Mimi ni mama wa mtoto wa darasa la sita, shule ya serikali, naishi Sombetini. Nimeamua kuandika wazi badala ya kuja ofisini kwa sababu nikija ofisini itaonekana nimekuja kumshtaki mwalimu fulani, wakati hili jambo ni la shule nyingi na wazazi wengi, tumeshaliongea sana wenyewe kwa wenyewe, kwenye daladala, kwenye vikoba, getini tukisubiri watoto, na maneno yetu yanaishia hukohuko hayafiki kwenu.

Ombi letu ni moja tu. Tuambieni mapema mtoto anafundishwa nini na anakwama wapi, wakati bado kuna muda wa kumsaidia.

Nianze na kwa nini nalitaja darasa la sita. La nne lina upimaji wa taifa, la saba lina mtihani wa kumaliza, kwa hiyo hayo madarasa yana kelele zake, mzazi anaitwa, anaambiwa kuna testi ya kata, kuna mtihani wa majaribio, kuna masomo ya jioni, anakumbushwa mpaka mtoto anywe chai kabla ya kutoka nyumbani. Sasa la sita liko hapo katikati limenyamaziwa. Mtoto anaenda anarudi, sare inachakaa, madaftari yanajaa, na wewe mzazi ukiulizwa unajua tu yuko la sita. Halafu anaingia la saba, haijapita hata miezi miwili unaitwa shule unaambiwa mama fulani mwanao hesabu hajui, sehemu na desimali hazijamkaa, asilimia ndo kabisa, English hawezi kuunga sentensi tatu. Hajui tangu lini? Maana ule mtihani wa Baraza hautoki la saba peke yake, unachota na vya la tano na vya la sita, masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300, na mtoto aliyeachwa njiani kwenye sehemu akiwa la sita huwezi kumrudisha kwa twisheni ya miezi mitatu ya usiku akiwa amechoka. Na sisi wa shule za serikali tuna lingine la ziada, watoto wetu wanasoma kwa Kiswahili miaka yote halafu sekondari wanakutana na kila kitu kwa Kiingereza, kwa hiyo la sita ndo muda wa kuanza kumshika mkono kwenye English, sio ile likizo ya kusubiri matokeo ambapo kila ukuta mjini una bango la prifom wani.

Sasa twende kwenye ripoti. Mnajua wenyewe ripoti ya mtoto inavyokuja. Karatasi moja, majina ya masomo, alama, herufi, chini imeandikwa nafasi ya 61 kati ya 118, maoni ya mwalimu wa darasa: ongeza bidii. Basi. Hiyo ongeza bidii nimeiona kwa wa kwanza na nimeiona kwa wa mwisho. Mzazi anafanya nini na ongeza bidii? Wengine wetu tunamkalisha mtoto chini tunamgombeza, baba anafoka, simu inafichwa, mpira unapigwa marufuku, na mtoto mwenyewe hajui aongeze bidii wapi maana naye hajaambiwa. Kumbe ingeandikwa tu "kugawanya desimali bado, anachanganya nukta", hata dada yake aliye fom two angemsaidia jioni akaelewa. Nafasi ya 61 hainiambii chochote cha kufanya Jumatatu asubuhi. Naomba sana hili mlichukue kwa uzito, kwa sababu haliongezi gharama, karatasi ni ileile na kalamu ni ileile.

Na mikutano. Mkutano wa wazazi ukiitwa, watu wanajua ni michango. Kiukweli sisemi michango ni mibaya, tangu elimu bila ada ianze 2016 tunaelewa ruzuku ina mwisho wake na watoto wanahitaji uji, mlinzi anahitaji kulipwa, na tukishirikishwa vizuri wazazi wa Arusha tunachanga, hata madarasa tumejenga. Shida ni mpangilio. Ajenda ya kwanza uji, ya pili madawati, ya tatu mlinzi, ya nne choo, hapo jua limeshapanda, wenye biashara wameanza kuondoka mmoja mmoja, taaluma inakuja mwishoni na mengineyo, mwalimu wa taaluma anapewa dakika chache anasoma wastani wa shule nzima na kutuomba tushirikiane. Tushirikiane kwenye nini sasa kama sijui mwezi huu wanafundishwa nini? Wekeni taaluma iwe ajenda ya kwanza, na wazazi wa kila darasa wakae na mwalimu wao wa darasa hata nusu saa kabla ya kikao cha wote, mtaona watu watakavyowahi.

Halafu siku ya mkutano. Huu ni mji wa utalii na wa masoko. Baba wengi wa hapa ni madereva wa safari, wapishi, wapagazi, na kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi wako Serengeti, wako Ngorongoro, wako mlimani, simu haipatikani, ukiita mkutano katikati ya wiki mwezi wa nane usiseme akina baba hawajali shule. Wanajali, wako kazini, na hiyo hela ya msimu ndo inayonunua sare Januari. Mama wa Tengeru na Usa River ukimwita Jumatano au Jumamosi umemwita siku ya soko, mtaji wote uko pale, haji. Mimi ningeshauri mkutano mkubwa wa taaluma uwe mwezi wa pili au wa tatu, nje ya huo msimu mkubwa, na uwe Jumapili mchana watu wakishatoka kanisani, na ndugu zetu Waislamu waulizwe saa inayowafaa. Hicho ni kitu mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati wanaweza kukipanga wakiwa wamekaa chini ya mti, hakihitaji waraka kutoka Dodoma.

Najua mtu atasema si kuna grupu la WhatsApp. Lipo. Ila naomba mliangalie vizuri, kwanza wazazi wenye kitochi hawamo, na hao ndo wengi kwenye baadhi ya mitaa yetu, bibi anayelea wajukuu hayumo, dada wa kazi ambaye ndo anakaa na mtoto jioni hayumo. Pili hata tuliomo, tangazo la mwalimu linawekwa saa tatu asubuhi, mpaka jioni limefunikwa na asubuhi njema, mitandio ya oda, video za maombi, na malumbano ya watu wawili. Tatu mwalimu anatumia bando lake. Meseji ya kawaida inafika kila simu, ikitumwa mara moja kwa mwezi tu kwa wazazi wa darasa husika, fupi, ya Kiswahili: mwezi huu Hisabati tunafanya asilimia, Sayansi mfumo fulani, testi tarehe fulani, mtoto aje na rula na bikari. Gharama yake hata wazazi tunaweza kuibeba, na tungeichangia kwa moyo kuliko michango mingine.

Kuna kitu kingine ambacho kwangu ndo kikubwa kwenye barua hii na hakina gharama kabisa. Watoto wa ingilishi midiamu wana dayari, mzazi anasaini kila jioni. Sisi hatuhitaji dayari ya kuchapishwa. Kila mtoto wa darasa la sita awe na daftari moja la kurasa themanini, na kila Ijumaa kipindi cha mwisho, dakika kumi na tano, mwalimu wa zamu anauliza darasa wiki hii tumejifunza nini, watoto wenyewe wanataja, anaandika ubaoni sentensi tano sita, wanazinakili. Chini yake mtoto anaandika kwa maneno yake kitu kimoja alichokielewa na kimoja ambacho hajakielewa. Basi imetosha. Anaenda nalo nyumbani, Jumapili jioni anamsomea mzazi, mzazi anasaini, na asiyejua kusoma anasikiliza na kuweka alama yake, maana hapo anayesoma ni mtoto, kwa hiyo hata bibi aliyeishia la tatu enzi hizo anashiriki kama mwingine yeyote. Jumatatu mwalimu hana haja ya kusahihisha madaftari 118, achukue kumi tu bila kuchagua, asome ile sentensi ya "sijaelewa", ataona watoto wengi wamekwama wapi. Mtoto wa miaka kumi na moja au kumi na mbili anaweza kusema asichokielewa akipewa nafasi. Wengi wanaogopa kunyoosha mkono mbele ya darasa zima, lakini kwenye daftari wataandika. Na lile daftari likifika mwisho wa mwaka mwalimu wa la saba analipokea, ana picha kamili ya mtoto kabla hata hajampa testi ya kwanza.

Na kwa nini nasema mwaka huu na sio mwakani. Ukiuliza 2027 hapa mjini kila mtu atakwambia AFCON na uwanja wa kule Olmoti. Lakini kwa mtaala mpya, waliokuwa darasa la tatu 2024 ndo walianza nao, elimu ya msingi kwao ni miaka sita, kwa hiyo wanamalizia la sita 2027, na waliokuwa la nne 2024 wanaendelea na utaratibu wa zamani mpaka la saba, wanamaliza 2027 hiyohiyo. Madarasa mawili yanatoka mwaka mmoja. Waulizeni wazazi mitaani kama wanalijua hili. Jirani yangu ana mmoja la sita na mwingine la tano, anapanga hela ya sekondari ya mmoja kwanza na mwingine mwaka unaofuata, nilipomwambia wote wawili wanaingia fom wani pamoja 2028 alikaa chini. Hakuna aliyemwambia, na yeye mikutano yote anahudhuria. Vilevile alikuwa anamtunzia mdogo vitabu vya mkubwa, Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, vimewekewa majalada vizuri, kumbe mdogo anasoma Jiografia na Mazingira, Historia ya Tanzania na Maadili, Sanaa na Michezo. Mzazi wa namna hiyo hamuwezi kusema hashirikiani na shule. Mlitakiwa mumwambie 2024, na kama haikuwezekana basi mwambieni sasa, kila shule, wazazi wa la tano na la sita wakae pamoja waelezwe masomo yapi, vitabu vipi, mtihani au upimaji upi, tarehe zikijulikana. Na waambiwe pia kwamba Taasisi ya Elimu ina maktaba mtandao ambapo vitabu vya kiada vinasomwa bure, mwenye simu janja anaweza kumfungulia mtoto kitabu nyumbani hata kama shuleni wanashea kimoja watu watano. Wazazi wengi sana hawajui kama kitu hicho kipo.

Nije kwenye maisha ya shule yenyewe, nje ya masomo, na hapa nitaongea kama mama wa binti. Umri huu wa la sita mabinti wengi ndo wanavunja ungo. Tunataka kujua shuleni kuna maji chooni au hakuna, kuna mwalimu wa kike anayewaweka sawa au hakuna, kama kuna pedi za dharura ofisini au binti anajifunga sweta kiunoni anarudi nyumbani peke yake saa nne asubuhi. Tukijua hakuna, tutachanga hizo pedi wenyewe wala hamtahitaji kutuita mara mbili. Kuna chanjo ya HPV, ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, ilianza 2018 kwa wasichana wa miaka 14 na 2024 ikaja kwa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 mpaka 14, maana yake umri wa mabinti wetu wa la sita umo. Chanjo nzuri, mimi binafsi naiunga mkono. Lakini pale ambapo mzazi hajaambiwa mapema na mtoto anakuja tu na habari nimechomwa sindano, mtaani maneno yanaanza, wanazuiwa kuzaa sijui nini, na safari ijayo watoto wengine wanafichwa nyumbani. Waiteni wazazi wiki moja kabla, nesi wa kituo cha afya aje ajibu maswali, uvumi wote unakosa pa kusimama. Na dawa za minyoo na kichocho nazo ni hivyohivyo, mtuambie siku, tuhakikishe mtoto amekula.

Adhabu pia. Kanuni za viboko za 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mwalimu mkuu au aliyemteua, na iandikwe kwenye kitabu. Basi ikiandikwa kwenye kitabu mzazi naye aambiwe siku hiyohiyo, kosa gani, nani kaadhibu. Mtoto akibadilika tabia nyumbani wakati mwingine sisi ndo tunajua sababu, kuna msiba, kuna ugomvi wa baba na mama, na mwalimu angeuliza angeelewa kabla ya kuchukua fimbo.

Na safari. Mtoto akipelekwa nje ya shule, kwenye michezo, ziara, testi ya pamoja shule nyingine, mzazi ajue gari gani, dereva nani, linatoka saa ngapi, linarudi saa ngapi, na nani wa kupigiwa. Sisi watu wa Arusha hatuhitaji kuelezwa kwa nini. Mei 2017 kule Rhotia, Karatu, tulipoteza watoto 32, walimu wawili na dereva, watoto walikuwa wanaenda kufanya mtihani. Aprili 2024 mafuriko yakabeba gari la wanafunzi hapahapa jijini. Mvua za masika zikianza kila mzazi mwenye mtoto anayevuka korongo anakaa na simu mkononi. Meseji moja ya "leo tumewachelewesha kutoka mpaka maji yapungue" inatuliza mamia ya watu.

Naomba nisieleweke kwamba nawarushia walimu mzigo. Nawaona. Mwalimu mmoja watoto zaidi ya mia, mitihani anasahihisha usiku nyumbani kwake, akitoka hapo ana mchanganuo, ana andalio la somo, ana mikutano ya kata. Ndo maana nimeandika kwenu mlio juu yao na sio kwao, kwa sababu mwalimu hata akipenda kukaa na wazazi hana muda uliopangwa wala hana hela ya meseji, na kwenye ukaguzi anaulizwa maandalio, haulizwi wazazi wangapi umeongea nao. Ninyi ndo mnaweza kusema dakika kumi na tano za Ijumaa ni kipindi halali. Ninyi ndo mnaweza kumruhusu mwalimu mkuu apeleke mbele ajenda ya taaluma.

Na chombo tayari kipo. Kuna UWAWA, ushirikiano wa wazazi na walimu, serikali yenyewe imeuleta, wazazi wanachagua wawakilishi wao wa kila darasa. Kwenye shule nyingi tunazozijua umebaki jina ubaoni ofisini kwa mwalimu mkuu, wawakilishi hawajawahi kukaa na darasa lao hata mara moja, wengine hawajui kama wao ni wawakilishi. Afisa elimu kata akipita shuleni aulize tu, UWAWA wa darasa la sita ni nani, mlikaa lini, mliongea nini, muhtasari uko wapi. Akiuliza hivyo mihula miwili mfululizo, kitaamka.

Tunachoomba kwa sasa ni kikao cha wazazi wa la tano na la sita kwenye kila shule kabla watoto hawajafunga mwezi wa sita, na daftari la Ijumaa lianze hata na shule chache za majaribio, Sombetini, Muriet, Ngaramtoni, popote mtakapoona panafaa. Madaftari tutanunua wazazi. Wa steshenari tulioongea nao wako tayari kutoa kopi za tangazo kwa bei ya chini. Wawakilishi tutachagua siku hiyohiyo ya kikao, na majina na namba za simu zitakuwa kwenye meza ya mwalimu mkuu kabla hatujatoka. Tunasubiri tarehe kutoka kwenu.

Mzazi wa darasa la sita,
Sombetini, Arusha